SAA 24 ZA MWANAFUNZI
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima, na leo ni zamu yangu kuzungumza nanyi. Shikeni daftari na kalamu. Mwenye karatasi hii iliyopigwa chapa na afuate kwa kidole, mstari kwa mstari, nami nitakwenda polepole.

Nataka kuwaeleza habari za mtoto wa skuli mwenye kazi nyingi kuliko saa zake. Kisa hiki nilikipata katika darasa letu moja la jioni hapa Unguja. Jina la mwenyewe silitaji, kwa kuwa ni mambo ya nyumba ya watu.

Mama mmoja, mwanafunzi wetu, alibaki nyuma darasa lilipokwisha. Akaniambia, "Mwalimu, nataka shauri. Binti yangu yuko Kidato cha Pili, na mwisho wa mwaka ana mtihani. Anajifunza kanuni, anajitolea skuli, anacheza mpira wa pete. Juzi alisinzia na kijiko mkononi. Mimi naona aache muziki."

Nikamwuliza, "Mwenyewe amekubali?"

"Amelia siku mbili. Sipendi kumwona akilia, lakini akianguka mtihani tutalia sote."

Kabla ya kuendelea, tueleze maneno mawili. Neno "kanuni" lina maana mbili. Maana moja ni sheria au utaratibu. Maana ya pili, ndiyo ya leo, ni ala ya taarab. Ni sanduku bapa la mbao, upande mmoja umekatwa mshazari, na juu yake zimetandazwa nyuzi zaidi ya 70. Kwa kawaida nyuzi tatu tatu hutoa sauti moja. Mpigaji huiweka mapajani au mezani. Huvaa pete katika vidole vya shahada, na katika kila pete huchomeka kibao chembamba cha kudonolea nyuzi. Kuzipatanisha nyuzi hizo kabla ya kupiga ni kazi peke yake. Anayeanza huweza kumaliza nusu saa akikaza na kulegeza tu, na wimbo bado haujaanza.

Neno la pili ni "kujitolea", maana yake kufanya kazi pasipo kulipwa wala kulazimishwa. Binti huyu alikuwa akibaki skuli baada ya masomo kuwasomesha watoto wa Darasa la Pili ambao herufi zimewashinda. Ninyi mnaijua thamani ya kazi hiyo kuliko mimi.

Sasa, mama huyu aliuchagua muziki kuwa ndio wa kuachwa kwa sababu aliuhesabu kuwa ni mchezo. Simlaumu. Lakini katika kisiwa chetu muziki umekuwa kazi ya watu wenye kazi nyingine. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club ilianzishwa mwaka 1958. Wengi wa wapigaji wa vilabu hivyo walikuwa na shughuli zao za mchana, na mazoezi wakiyafanya jioni na usiku. Siti binti Saad aliuza vyungu kwa miguu kabla hajawa mwimbaji, na mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Na tangu mwaka 2002 tuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kwa miaka mingi madarasa yake yalikuwa katika nyumba ya Forodha ya zamani, pale Mizingani. Watoto wa skuli walikwenda huko mchana na mabegi yao ya vitabu mgongoni. Basi mtu kuwa na kazi na ala pamoja si jambo geni kwetu. Taabu iko katika saa.

Nilimpa yule mama karatasi. Nikamwambia, "Bibi, leo nyumbani keti na binti yako. Mwandike saa za siku yake ya Jumanne, ile siku nzito kuliko zote. Kalamu ishike wewe." Nilitaka aandike yeye, kwa maana alikuwa na miezi 7 tu darasani, na mkono ulikuwa bado unaogopa.

Akarudi kesho yake. Andikeni nanyi, tuhesabu pamoja. Kulala, saa 8. Skuli pamoja na njia, saa 7. Chuoni kwa maalimu, saa 2. Kazi za nyumbani, yaani kupika, vyombo na kufagia, saa 2. Kula, kuoga na sala, saa 3. Kusoma masomo usiku, saa 2. Muziki pamoja na njia, saa 2. Kuwasomesha wale watoto, saa 1. Mpira wa pete, saa 1.

Jumlisheni. Nangoja.

Mmepata ngapi? Mama yule alipata 28. Akadhani amekosea, akahesabu tena kwa vidole, ikawa 28 vile vile. Siku ina saa 24 kwa mfalme na kwa mchukuzi. Basi zile saa 4 zaidi zilitoka wapi? Zilitoka katika kulala. Mtoto alikuwa akilala saa 4, naye ana umri wa miaka 15! Waganga wanasema kijana wa umri huo ahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kijiko kile kilichotaka kuanguka hakikuwa na kosa la kanuni peke yake.

Nilimwomba amlete binti. Akaja, amejitanda buibui lake, akaketi nyuma ya mama yake. Nikamwuliza ni kazi gani aipendayo kidogo kuliko zote. Akatazama chini. "Mpira wa pete," akasema. "Niliingia kwa sababu rafiki zangu waliingia." Mama akageuka kumtazama, kwa kuwa hakuwa amelisikia neno hilo kabla. Mpira ukafutwa, saa 1. Wale watoto wa Darasa la Pili hakutaka kuwaacha. Lakini alikuwa akibaki nao siku 3 kwa juma, na mwalimu wake alikubali abaki siku 2, Jumatatu na Jumatano. Jumanne ikapungua saa 1 nyingine.

Zikabaki saa 26. Hapo nikauliza swali ambalo pengine halikunihusu. Nilimwuliza mama kama ana watoto wengine. Akasema yuko mdogo wake wa kiume, ana miaka 13. "Na yeye saa zake za kazi za nyumbani ni ngapi?" Mama akacheka, kisha akanyamaza. Katika karatasi ya mvulana yule pasingeandikwa kitu, ila labda kupeleka taka. Tulikubaliana vyombo vya usiku na kufagia ua viwe vyake. Nasikia alinung'unika juma zima. Saa 25.

Saa ile moja ya mwisho ilikuwa ngumu. Mama alitaka itoke katika muziki. Binti alitaka itoke katika masomo ya usiku. Mimi sikumuunga mkono binti, kwa maana mtihani hauna huruma. Lakini tulipochungua tuliona kwamba Jumanne alikuwa akitoka skuli, anapanda daladala kurudi nyumbani kula, kisha anapanda tena kurudi mjini kwa mwalimu wa kanuni. Basi sasa huchukua chakula chake, huenda moja kwa moja, na ile saa moja ya njia imepona. Saa 24 kamili. Nakiri sikuifurahia sana hesabu hiyo. Siku isiyo na hata dakika moja ya kukaa barazani si siku nzuri kwa mtoto. Lakini hiyo ni Jumanne tu.

Na mazoezi ya kanuni ya nyumbani je? Hapo kuna jambo ambalo lawafaa na ninyi. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu mwaka 1885 juu ya kukumbuka na kusahau. Alijijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, maelfu kwa maelfu. Akaona kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hushika kichwani kuliko marudio yale yale yakirundikwa siku moja. Binti huyu alikuwa akipiga kanuni saa 3 mfululizo Ijumaa mchana, vidole vikivimba. Sasa hupiga dakika 20 katika siku zisizo nzito, na Ijumaa saa 1. Nanyi mnaofungua daftari mara moja tu kwa juma, nawatazama.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilijifunza fidla. Nilikuwa pia katika skauti, katika mdahalo, na katika timu ya mpira. Fidla niliiacha baada ya miezi 6, si kwa kuichukia, bali kwa kuchoka. Hakuna aliyeniketisha na karatasi, wala mimi sikuwa na akili ya kuketi peke yangu. Hata leo nikisikia fidla harusini, vidole hutafuta nyuzi mezani.

Mtihani wa binti yule bado haujafika. Mama hajaahidi kwamba kanuni itabaki. Amesema ataitazama karatasi kila mwezi, na alama za skuli zikishuka atakata mstari mwingine kwa kalamu yake mwenyewe. Karatasi imebandikwa ukutani, karibu na jiko. Neno "kujitolea" ameliandika bila ya herufi l, na binti hakulisahihisha. Mama aliligundua mwenyewe juma lililofuata.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Pigeni mistari 2 katika karatasi, mpate nafasi 3. Ya kwanza andikeni kazi, ya pili saa, ya tatu jina la mtu wa nyumbani awezaye kusaidia. Andikeni siku ya mtoto mmoja, au yenu wenyewe kama hamna mtoto wa skuli. Jumlisheni chini. Atakayepata zaidi ya 24 asifute. Ailete darasani vile vile ilivyo.