UVIMBE WA SHINGO: TUSIKAWIE KUPIMWA
(Maneno tuliyowaambia wanachama wa Kakamega)



Leo hatusemi juu ya mishahara. Twasema juu ya shingo zetu, maana mgonjwa hata akiongezwa mshahara haumfai.

Huku Magharibi rovu si jambo geni. Wazee wetu waliliona sana, kwa kuwa chakula chao kilipungukiwa na iodini. Tangu 1978 sheria ya Kenya yataka chumvi itiwe iodini. Basi wengi wakiona uvimbe shingoni husema, "Ni rovu tu," wakaendelea na kazi. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara.

Iko saratani iitwayo limfoma, ambayo mara chache huanzia katika tezi ya shingo, hasa kwa wanawake wenye umri mkubwa. Itambueni kwa mwendo wake. Rovu hukua polepole kwa miaka. Uvimbe huu hukua kwa majuma machache, sauti ikakwaruza, kumeza kukawa taabu, pumzi ikabana. Mwenye dalili hizi asingoje mwisho wa mwezi.

Hospitalini hutumia altrasaundi, mashine ile ile ya kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Hupeleka sauti isiyosikika na sikio, ikagonga nyama ikarudi kama mwangwi, na mwangwi ukafanywa picha. Haina kisu wala miale ya eksirei. Daktari hutazama kama uvimbe umo ndani ya tezi tu, au umetoka na kufika mahali pengine shingoni. Hapo hukisia mgonjwa ataendeleaje, kwa maana uliobaki ndani hupona vizuri kuliko ulioenea. Dawa zikianza, picha hurudiwa kuona kama uvimbe unanywea.

Lakini picha peke yake haikati shauri. Lazima kipande cha uvimbe kichukuliwe kikapimwe. Na msiogope kisu: limfoma hii hutibiwa zaidi kwa dawa na miale.

Tusidhani limfoma ni ugonjwa wa mbali. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao baadaye ulijulikana kuwa limfoma. Huonekana hata pande zetu za Ziwa, na watoto wengi wakiwahiwa hupona kwa dawa.

Twajua mfanyakazi huogopa kupoteza siku. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yasema aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini apewe siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mwarifu mwajiri mapema, ulete cheti cha daktari. Atakayenyimwa na aje kwa karani wa tawi lake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii tupapase shingo zetu, na za mama zetu nyumbani.