Sarafu za Farouk: Hazina Iliyouzwa kwa Mafungu

Julai 1952, maafisa wa jeshi la Misri walimpindua Mfalme Farouk. Aliondoka Alexandria kwa meli, akaacha maelfu ya sarafu na nishani. Mwaka 1954 serikali mpya iliipa kampuni ya Sotheby's kazi ya kuzinadi katika Kasri la Koubbeh, Cairo. Sarafu adimu ziliuzwa kwa mafungu, na nyingi zikaenda kwa bei ya chee.

Moja iliondolewa mnadani kwa ombi la Marekani: dola 20 ya dhahabu ya mwaka 1933. Ina uzito wa gramu 33 na ushei. Upande mmoja mwanamke amenyanyua mwenge, upande wa pili tai anaruka. Karibu zote za mwaka huo ziliyeyushwa, baada ya Rais Roosevelt kuondoa dhahabu kwenye mzunguko. Sarafu inayoaminika kuwa ndiyo hiyo iliibuka New York mwaka 1996. Mwaka 2002 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2021, karibu milioni 19. Misri haikuambulia kitu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtawala akianguka, alivyojikusanyia ni mali ya wananchi. Viorodheshwe kimoja kimoja, vithaminiwe bila pupa, na vilivyo adimu vibaki makumbusho. Hasira dhidi ya mfalme hupoa. Hazina ikishauzwa, hairudi.