Kovu Lisifichwe

(Maneno ya mwanachama mwenzetu siku ya kutimiza miaka kumi)



Nimeombwa niseme juu ya mimba kwa mama aliyewahi kupasuliwa. Nitasema yaliyonipata.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mimba ya pili, kliniki nikanyamaza. Mawifi walikuwa wananicheka kwamba sijui kuzaa, nami nikataka kuwaonyesha. Uchungu ukanianza usiku, nyumbani Makambako, nikavumilia. Baadaye tumbo likawa haliachii kabisa, na damu ikatoka. Wenye funguo tatu za sanduku letu wakaamshwa, pesa ya gari ikapatikana, tukakimbizwa Njombe, kilomita kama 60. Mimi nilipona. Mtoto hakupona.

Kina mama, kovu la kizazi laweza kuachia wakati wa uchungu. Kwa aliyepasuliwa mara moja, mkato wa chini uliolala, hutokea kwa mama kama 1 katika 200 wanaojaribu kuzaa kawaida. Mkato wa wima wa juu una hatari zaidi. Mshono wa nje hauonyeshi mkato wa ndani, kwa hiyo karatasi ya hospitali itunzwe kama kitabu cha hisa. Hata aliyetolewa uvimbe kwenye kizazi aseme. Tena kondo la nyuma laweza kujishika kwenye kovu, likaleta damu nyingi. Kipimo cha utrasaundi husaidia kuliona mapema.

Sisemi kila mmoja apasuliwe tena. Wengi huzaa kawaida, lakini wazalie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Tupumzike miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Dawa za miti za kuharakisha uchungu tuziache, maana zinalisukuma kovu. Ukiona damu, maumivu yasiyoachia, kizunguzungu, au mtoto hachezi, usingoje kupambazuke.

Ombi langu kwa kikundi ni moja. Mwanachama mwenye kovu, mimba ikifika miezi minane, apewe nauli yake mkononi kutoka mfuko wa jamii, akakae karibu na hospitali kabla ya uchungu. Usiku ule funguo zilipatikana, lakini muda ulikuwa umekwisha.