Gari Likikataliwa kwa Sababu ya Moshi

Mazungumzo na wenye magari, madereva na abiria wa Garsen



Huenda mtu akauliza, watu wa mageuzi wana haja gani na moshi wa gari? Si wao waliodai vyama vingi mpaka kifungu cha 2A kikaondolewa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991? Jibu letu ni fupi. Mwananchi hakutani na serikali siku ya kura peke yake. Hukutana nayo mara nyingi zaidi kwenye dirisha la ofisi, kwenye kizuizi cha barabarani, na kwenye uwanja wa ukaguzi wa magari. Huko ndiko mageuzi yanakopimwa, kama vile gari linavyopimwa.

Tuanze na wajibu, kwa maana anayedai haki bila ya kutimiza wajibu hujinyima ushahidi. Moshi si jambo la kupuuzwa. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta ni abiria wa kiti cha nyuma, ni mama anayeuza maembe kituoni, ni mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo ni ya mama yule kama ilivyo ya mwenye matatu. Kwa hiyo hatukuja hapa kumfundisha mtu namna ya kupitisha gari bovu.

Gari likikataliwa, swali la kwanza ni hili: moshi wake una rangi gani? Mafundi wetu wa jua kali wanalijua somo hili, lakini ni vyema mwenye gari naye alijue, asije akauziwa injini nzima kwa ugonjwa wa shilingi chache. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Hapa kwetu, penye vumbi la kiangazi, mshukiwa wa kwanza ni kichujio cha hewa, ambacho mafundi hukiita ea klina; kikiziba, injini hukosa pumzi. Baada yake hutazamwa nozeli na pampu ya dizeli. Moshi wa samawati maana yake oili ya injini inaungua, na aghalabu ni ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto huashiria dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya injini kwa gasketi iliyopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ea klina iliyopuuzwa mwezi huu huweza kuwa injini ya kufunguliwa mwakani.

Kwa magari ya petroli, macho hayatoshi. Gesi yake mbaya kuliko zote, kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na hupimwa kwa mashine tu. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, na tangu hapo hakuna udhuru wa kung'oa kile kichujio cha moshi kilichomo katika ekzosi. Anayekitoa na kukiuza hupata fedha ya siku moja, kisha hukutana na hasara siku ya ukaguzi.

Lakini yako makosa ambayo si ya mwenye gari. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, injini huumia, na mwenye gari hukataliwa kwa hatia ya muuzaji. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo. Tazameni nani aliyebeba mzigo: ni mwenye koroboi na jiko la mafuta, asiye na gari wala kituo cha mafuta. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Basi tunawashauri wenye magari wadai risiti kila wanunuapo mafuta. Fundi akigundua mafuta machafu, malalamiko yaandikwe na kupelekwa kwa mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, na nakala ya risiti iambatishwe.

Sasa tuje kwenye uwanja wenyewe wa ukaguzi. Zamani kazi hii ilikuwa mikononi mwa kitengo cha polisi. Baadaye ikahamishiwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Gari la abiria na la mizigo hukaguliwa kila mwaka, na bila ya cheti cha ukaguzi matatu haipati leseni ya kubeba abiria. Kwa hiyo neno moja la mkaguzi huweza kusimamisha riziki ya nyumba tatu: ya mwenye gari, ya dereva na ya kondakta. Neno zito namna hiyo halifai kutamkwa tu. Lazima liandikwe.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kura ya mlolongo ya mwaka 1988. Watu walisimama nyuma ya wagombea, wakahesabiwa kwa kidole, na aliyekuwa na mstari mrefu akatangazwa kuwa ameshindwa. Ubaya wa mlolongo haukuwa wizi peke yake. Ubaya wake mkubwa ni kwamba watu wakishatawanyika hapakubaki karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya. Mwananchi anayeambiwa "gari lako halifai, rudi wiki ijayo", pasipo karatasi yenye kipimo, amerudishwa kwenye mlolongo. Hana cha kumwonyesha fundi, hana cha kukatia rufaa. Na hapo ndipo chai inapopata mlango wa kuingilia, kwa sababu jambo lisiloandikwa huuzwa kwa urahisi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au inaelekea kuathiriwa, na uamuzi wa kiutawala, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu utendaji wa haki wa kiutawala inakitilia nguvu kifungu hicho. Basi dereva na aulize kwa heshima: Kipimo cha gari langu ni kiasi gani? Kiwango kinachokubalika ni kipi? Ni nini kirekebishwe? Achukue karatasi hiyo ampelekee fundi, na akirudi aje na stakabadhi ya matengenezo. Asiporidhika, apeleke malalamiko yake, yenye tarehe na saa, kwa Tume ya Haki ya Kiutawala. Akiombwa hongo, apeleke habari kwa tume ya kupambana na ufisadi. Na asitoe. Anayenunua cheti amenunua karatasi. Moshi bado uko pale pale.

Mwisho, ndugu zetu, umbali. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200 kwenda peke yake. Gari likikataliwa kwa ajili ya moshi, safari ni mbili, na siku za kazi zilizopotea ni zaidi ya mbili. Mafuriko ya mwaka 1997 na ya 2023 yalikata barabara za Tana River. Je, cheti kinachomalizika wakati gari limezingirwa na maji ni kosa la nani? Kifungu cha 6 cha Katiba kinavitaka vyombo vya taifa vihakikishe kwamba huduma zao zinafikika katika sehemu zote za Jamhuri. Garsen ni sehemu ya Jamhuri.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mashine ya kupimia moshi iletwe hapa kwa siku zinazotangazwa mapema. Kila gari linalokataliwa lipewe karatasi yenye kipimo na sababu. Na barabara ikikatwa na mafuriko, mwenye gari aongezewe muda. Hatudai msamaha kwa gari linalotoa moshi. Tunadai lipimwe karibu, lipimwe sawa, na lipimwe kwa maandishi.

Madai haya yataandikwa leo kabla hatujatawanyika, na kila anayekubali atie sahihi yake au kidole chake. Safari hii karatasi ibaki.