Mrehani na Rehani: Maneno Yaliyotolewa Siku ya Kutimiza Miaka 10

 

Tumeambiwa tuzungumze juu ya mrehani, kwani huo ndio uliotutoa kwenye upatu ukatufikisha kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Tutasema tunayoyajua, na yaliyotuuma nayo tutayasema.

Mrehani ni wa ukoo mmoja na nanaa, na kivumbasi ni jamaa yao. Ukitaka kuwajua, shika shina ulizungushe vidoleni: utasikia pembe nne. Majani huota mawili mawili yakielekeana. Ukiyafikicha harufu hutoka papo hapo, kwani mafuta yake yamo kwenye vijifuko vidogo sana juu ya jani. Baadhi ya vivumbasi vina mafuta yale yale ya karafuu, yujenoli, ndiyo maana ukinusa unahisi umepita penye jamvi la karafuu.

Kupanda si kazi kubwa, ila pana mambo yake. Mbegu ni ndogo, nyeusi. Ukizitia majini huvimba zikavaa utelezi. Usizifukie chini. Zimwage juu ya kitalu, ufunike kwa udongo kidogo tu, na kwa wiki moja hivi zitachomoza. Miche ikifika urefu wa kidole ihamishie kwenye tuta, nafasi ya futi moja, na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Ukifika shubiri moja ukate ncha, ndipo utoe matawi. Maji mwagia shinani, si juu ya majani. Wenzetu wa Mji Mkongwe wasio na shamba hupanda kwenye madebe na makopo ya maziwa, uani na juu ya paa. Kopo lazima litobolewe chini. Huko nanaa ndiyo hupendeza zaidi: haitaki mbegu, kipande cha shina kinatosha, na kivuli wakati wa kaskazi.

Sisi tulijikwaa kwenye maji. Mwaka wetu wa tatu mwenzetu mmoja alikopa sandukuni, akaweka bangili zake za dhahabu rehani. Akapanda matuta manane karibu na pwani. Masika mrehani ulimkubali sana. Kaskazi ilipofika kisima chake kikapanda chumvi, naye akawa anamwagilia bila kujua. Majani yakaungua kingo, kisha matuta yote yakafa.

Tulikaa mkutanoni mpaka magharibi. Wapo kati yetu waliosema bangili ziuzwe, katiba ndivyo inavyosema, na hawakukosea. Bi mkubwa mmoja akauliza, "Kwani sie tulikuja hapa kwa rehani au kwa rihani?" Watu wakacheka, lakini deni halikucheka. Mwisho tukaamua aongezewe miezi sita, alime kwenye shamba la mwanachama mwengine upande wa Dole, penye udongo mzuri na maji baridi, na bangili zibaki sandukuni. Wawili walikasirika wakatoka kikundini. Mmoja hajarudi hadi leo. Kadi ya mwaliko tumempelekea.

Deni lililipwa kwa vikuba. Mwezi wa Shaaban harusi huwa nyingi, watu wakiiwahi Ramadhani, na harusi bila kikuba, jamani, ni harusi gani? Mrehani, asumini, langilangi na kipande cha mkadi hufungwa pamoja kwa uzi, kikavaliwa kwenye nywele au kifuani. Mwenzetu akikata mrehani asubuhi mapema, akifunga, na mdogo wake akipeleka Darajani. Mwezi wa tano deni likaisha. Bangili alipozivaa zilimbana. Mwenyewe anasema alinenepa kwa furaha, sie tunasema ni pilau za harusini.

Matumizi mengine yapo. Rihani ni neno la Kiarabu, na limo ndani ya Qur-ani, katika Surat Rahman na Surat Waqia. Wapo wanaoweka tawi lake juu ya kaburi. Kivumbasi wazee wetu walikichoma jioni kufukuza mbu, na wakijifukiza nacho kwa mafua. Tufanye hayo, hayana ubaya, lakini chandarua tulalie, na mtoto akipata homa apelekwe kituoni akapimwe malaria kwanza. Hapo hatutaki ubishi.

Pale mlangoni tumepanga miche, kila mtu achukue mmoja. Wanaotoka Makunduchi na Paje, kwenye mawe, wachukue kivumbasi, ndicho kinachostahimili. Walio karibu na pwani waonje kwanza maji ya kisima chao. Wa Mji Mkongwe wachukue nanaa. Madebe mtatafuta wenyewe.