Akitoka Gerezani Anarudi Kwetu

*Maneno ya Mjumbe wa Kamati Ndogo ya Afya kwenye harambee ya mwaka ya wana-Lushoto waishio Dar es Salaam*



Wenzangu waliotangulia wamezungumzia madawati na paa la zahanati. Hayo hayana ubishi. Mimi nimepewa jambo ambalo hata ndani ya Kamati lilizua mvutano: tuwasaidie vipi kiafya watu wetu wanaotoka gerezani? Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, yatima tumewamaliza?" Nikamwambia, "Baba, naomba unisikilize kwanza, halafu unihukumu."

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefanya kazi zahanati ya kwetu mlimani. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, kijana wa kijijini kwetu alirudi kutoka gereza la mbali. Alikuwa amefungwa kwa kuvunja duka, na duka lenyewe lilikuwa la shemeji yangu. Siku moja nilimwona amesimama kwenye mti nje ya zahanati, amevaa koti zito, anakohoa. Alinitazama, nikamtazama. Akageuka akaenda zake. Mimi sikumwita.

Mwezi wa Machi aliletwa kwa bodaboda, amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Ndipo mama yake akatoa karatasi iliyokunjwa. Kijana alianza dawa za kifua kikuu akiwa gerezani. Alitoka na dawa za wiki mbili na barua ya kumhamishia kituo cha kwao. Barua ile ilikuwa na jina la gereza juu, akaona aibu kuionyesha. Dawa zilipokwisha, zikaisha. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, hakurudi. Baadaye mtoto wa dada yake, wa miaka minne, naye alikutwa na kifua kikuu. Huyo tulimtibu akapona, na sasa anasoma.

Dawa zilikuwepo. Zilikuwa kabatini kwangu, na ni za bure. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia "karibu ndani", na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Ndugu zangu, kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: dawa aina nne kwa miezi miwili, kisha aina mbili kwa miezi minne. Mgonjwa akishika dawa vizuri, kwa kawaida baada ya wiki chache haambukizi tena. Akikatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na hapo matibabu yanakuwa marefu na mazito zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka kati ya wale anaokaa nao karibu. Hao anaokaa nao ni mama yake, watoto wa dada yake na wenzake kwenye basi la Mombo.

Gerezani watu hulala kwa kubanana, ndiyo maana kifua kikuu hupata nafasi huko. Lakini gerezani pia kuna wanaopimwa na kuanzishiwa dawa, za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI, za presha, za kisukari. Ugumu unakuja siku ya kutoka. Mahabusu anapelekwa mahakamani asubuhi, kesi inafutwa, anatokea mlangoni kuelekea stendi, na dawa zake zimebaki gerezani. Wengine hutoka kwa msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 kwa siku moja. Ni jambo la huruma na la furaha, lakini fikirini kazi ya kumwandalia kila mgonjwa barua, dawa na kituo cha kwenda.

Umoja wa Mataifa, katika Kanuni za Mandela za mwaka 2015, umesema matibabu ya mfungwa yaunganishwe na huduma za afya za umma ili yasikatike. Na siku za mwanzo ndizo za hatari. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti walifuatilia watu 30,237 waliotoka magerezani kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine. Kule sababu kubwa ilikuwa dawa za kulevya kuzidi kipimo. Kwetu matatizo yanaweza kuwa mengine, lakini wiki ya kwanza ni wiki ya kwanza popote. Mtu hana simu, hana namba ya NIDA mkononi, hajui atalala wapi, na majirani wanamchungulia dirishani.

Huko huko Marekani, mjini San Francisco, mwaka 2006 ilianzishwa kliniki ya watu wanaotoka gerezani. Wahudumu wake wa jamii ni watu ambao nao waliwahi kufungwa. Mgonjwa anapokelewa na mtu anayeijua aibu ile. Hilo halihitaji jengo, na sisi tunaliweza.

Kamati inapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kata iwe na mtu mmoja wa kupokea taarifa, akishirikiana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya. Familia ikijua ndugu yao anatoka, impigie mtu huyo, naye amsindikize zahanati ndani ya siku tatu. Kosa lake hataulizwa. Ataulizwa dawa zake tu. Pili, tumsaidie chakula kwa miezi miwili ya mwanzo, maana dawa hizi tumboni mwa mwenye njaa hazivumiliki. Tatu, nauli ya kliniki hadi amalize dozi.

Tumekadiria shilingi 250,000 kwa mtu mmoja: chakula 120,000, nauli zake za kliniki 70,000, na 60,000 za simu na usafiri wa anayemfuatilia. Kwa watu 20 ni shilingi milioni 5. Fedha hazitapita mkononi mwa mgonjwa wala mwa mjumbe. Duka la kijiji litalipwa kwa risiti, na Mweka Hazina atasoma hesabu mbele yenu mwakani.

Najua humu ndani wapo walioibiwa, na wapo walioumizwa. Mwenyewe nilimwendea shemeji yangu kabla ya kuja hapa, kumweleza nitakachosema. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Duka nilishalijenga upya. Yule kijana hajengeki." Akanipa shilingi elfu hamsini. Ninazo kwenye bahasha hii, nazo ndizo za kwanza.

Wazee walituambia, mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Kinaoshwa. Mahakama imeshamaliza kazi yake, na kifungo kimekwisha. Huyu mtu hana mlima mwingine wa kurudi zaidi ya huu wetu. Akikohoa, anakohoa kwetu.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya Mweka Hazina. Asiye na fedha atuandikie jina na kata yake, kwamba yuko tayari kumsindikiza mtu zahanati. Hiyo nayo ni ahadi, na mimi nitaithamini sawa na fedha.

Na yule mzee aliyeniuliza juu ya yatima: baba, yule mtoto wa miaka minne niliyemtaja ni yatima. Basi nihukumu sasa.