Kusomea Ualimu wa Madarasa ya Kati: Maneno kwa Vijana wa Rumonge na Pwani ya Ziwa

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa Ekofo katika maadhimisho ya Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, mbele ya Kamati ya Jamii, wazazi na vijana, kambi ya Nyarugusu)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya faida za elimu. Niliomba ruhusa nipunguze mada, maana faida za elimu zimeshasemwa mahali hapa na wageni wengi wenye vipaza sauti vizuri kuliko hiki chetu. Mimi nitajibu swali moja tu. Wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha njiani. Ni mtoto wa Kanyenkoko, pale Rumonge. Aliondoka kwao akiwa darasa la pili, leo amemaliza sekondari. Akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini nisome miaka mitatu ili nifundishe darasa la saba, na huku aliyemaliza shule juzi anapewa chaki kesho?"

Swali lake ni la haki. Na aliyepewa chaki kesho yake nilikuwa mimi.

Kwanza nieleze madarasa ya kati ni yapi, maana tunaishi na ndugu zetu Wakongo na wenyeji wetu Watanzania, na kila mmoja ana hesabu yake. Kwa Mtanzania aliyesoma zamani, darasa la saba ni mwisho wa shule ya msingi. Kwetu Burundi mtoto alimaliza la sita, akafanya mtihani wa taifa, na wachache waliobahatika wakaingia koleji, yaani la saba mpaka la kumi. Kuanzia mwaka wa masomo 2013/2014 mpango ukabadilika. Shule ya msingi ikawa ya miaka tisa, ndiyo hiyo Ekofo, na la saba, la nane na la tisa yakaitwa mzunguko wa nne. Madarasa hayo yakashuka kwenye shule zilizokuwa za msingi tu. Kwa mzazi wa Minago au Kizuka lilikuwa jambo jema, kwani binti yake hakulazimika tena kupangiwa chumba mjini.

Lakini darasa linaweza kuhama kwa amri ya siku moja. Mwalimu hahami hivyo. Aidha, masomo yalikusanywa katika makundi: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vikawa kundi moja la lugha, fizikia, kemia, biolojia na teknolojia vikawa kundi jingine. Mtu aliyesomea biolojia peke yake akajikuta anatakiwa kufundisha umeme. Wenzetu wa Kenya walionja jambo kama hilo mwaka 2023, walipoweka madarasa ya saba mpaka ya tisa ndani ya shule za msingi na kuanza kutafuta walimu huku wanafunzi wameshakaa.

Upungufu huu, wazee wangu, haukuanza na Ekofo. Shule ya juu ya ualimu, ile tunayoiita ENS, ilifunguliwa Bujumbura mwaka 1965, miaka mitatu tu baada ya uhuru, ili itoe walimu wa sekondari. Ilikuwa bado changa ulipofika mwaka 1972. Sitaki kufungua vidonda, lakini hatuwezi kuzungumzia walimu wa Rumonge tukaruka mwaka ule. Tarehe 29 Aprili 1972 mapigano yalianzia kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Kisha likaja jibu la jeshi nchi nzima, likawatafuta Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa chuo kikuu, hata watoto wa sekondari waliochukuliwa shuleni. Waliopona wakavuka, ndiyo asili ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Baba yangu alikuwa akisema kwamba baada ya hapo mzazi aliposikia mtoto wake amefaulu alikaa kimya, hakujua afurahi au amfiche. Mtoto aliyeacha shule mwaka 1973 kwa hofu ndiye angekuwa mwalimu wangu wa koleji. Sikumpata.

Mwaka 1973 ENS iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Burundi, na ikaanzishwa upya mwaka 1999, nchi ikiwa bado vitani tangu 1993. Kila kizazi kimejenga nyumba hii ya walimu, na kila kizazi kimeikuta haina paa.

Sasa narudi kwenye chaki. Mwaka 2011 nilimaliza sekondari, na koleji moja karibu na Rumonge haikuwa na mwalimu wa sayansi. Nikaitwa. Nilijua fizikia yangu vizuri, sijisifu. Somo lilikuwa densiti. Nikaandika ubaoni kanuni: tungamo kugawa kwa ujazo. Nikamimina mawese na maji katika chupa moja, mawese yakapanda juu. Nikafurahi. Binti mmoja, ambaye mama yake alikuwa akikamua mawese, akanyosha mkono: "Mwalimu, mawese ni mazito kuliko maji. Mbona yanaelea?"

Nikamwambia, "Hapana, ni mepesi. Tazama kanuni." Akakaa. Kwenye jaribio akaandika kanuni bila kosa, na swali la mawese akalikosa. Nusu ya darasa walilikosa pamoja naye. Nikasema moyoni watoto hawa hawasomi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Bujumbura kusomea ualimu wenyewe. Katika mafunzo ya kufundisha mbele ya msimamizi nikasimulia kisa hicho kama mfano wa wanafunzi wazembe. Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mtoto alisema mazito kwa lugha gani?" Nikajibu, kwa Kiswahili. Akanyamaza, akaningoja.

Ndugu zangu, fikirini wenyewe. Uji usiomwagika haraka tunasema ni mzito. Jiwe lisilobebeka tunasema ni zito. Neno ni hilo hilo moja. Kifaransa, ambacho ndicho kilikuwa lugha ya somo langu, kina maneno mawili tofauti. Binti yule alikuwa anasema kweli: mawese ni mazito, hayateremki kama maji. Mimi nilimsikia anasema uongo. Nilikuwa nimezaliwa Rumonge, nimekula mawese tangu meno ya utoto, na sikusikia lugha yangu mwenyewe.

Msimamizi akaniuliza tena: "Bidoni ya lita 20 ya maji na ya mawese, mtoto huyu amebeba ipi?" Amebeba zote mbili, kichwani, kila wiki! Bidoni ya maji ni kilo 20. Ya mawese ni kama kilo 18. Shingo yake ilikuwa inajua jibu kabla sijaingia darasani. Kazi yangu ilikuwa kuuliza shingo ile, halafu ndipo niandike kanuni.

Hiyo ndiyo miaka mitatu, kijana wangu. Fizikia unaweza kuipata kitabuni. Chuoni unasomea makosa ya watoto: kwa nini mtoto wa miaka 13 anakosea vile anavyokosea, na kosa lake lina akili gani ndani yake. Unasomea pia saikolojia ya umri huo mgumu, namna ya kupanga somo, namna ya kutunga mtihani unaopima jambo moja badala ya kumtega mtoto kwa mambo matano. Mengine, niseme ukweli, yalikuwa maneno matupu ya kunakili daftarini. Kozi moja ya falsafa ya elimu nilisinzia tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini mazoezi mbele ya darasa, na mtu mzima ameketi nyuma anaandika kila unachokosea, hayo siwezi kuyabadilisha na kitu.

Na kwa vijana wa pwani yetu nina neno la pekee. Kiswahili ni somo rasmi katika shule za Burundi, na ENS inayo sehemu ya Kirundi na Kiswahili pamoja. Mikoa ya juu mlimani inatafuta mtu wa kukifundisha, anayekisema bila kutafsiri kichwani. Ninyi mlikinyonya Rumonge kwenye mialo ya ndagala, na hapa Kigoma mmekikuza. Mnakiona ni cha sokoni tu, kwa kuwa hamkukilipia karo.

Nisiwafiche jambo. Digrii ninayoisifu mimi sinayo. Mwishoni mwa Aprili 2015 nilikuwa mwaka wa tatu, nimebakiza andiko la kumalizia. Mabweni yetu yakafungwa. Nikateremka Rumonge, kisha Nyanza-Lac, kisha Kagunga, ambako wengi wenu mlilala juu ya mchanga, maelfu kwa maelfu, na kipindupindu kikatupitia. Liemba haikuweza kukaribia ufuko. Mitumbwi ilitupeleka mpaka ubavuni mwake. Mle ndani nilishika mfuko wa nailoni wenye karatasi za alama zangu za miaka miwili. Mke wangu aliuliza kwa nini sikushika sufuria. Mpaka leo swali hilo halina jibu zuri, na sufuria tulinunua nyingine kwa shida. Karatasi ninazo bado.

Mtasema: hata tukitaka, tutasomea wapi, na sisi tuko kambini? Mwaka 2013, katika kambi za Dadaab kule Kenya, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vya York na British Columbia vya Kanada, na walimu wakimbizi wakasomea ualimu wakiwa huko huko, wengine mpaka digrii. Siwaahidi kwamba mpango wa namna hiyo utatufikia. Nasema umewahi kufanyika, kambini kama hapa, kwenye joto kuliko hili. Na anayerudi nyumbani atakuta mlango wa ENS Bujumbura, lakini pale mlangoni ataulizwa cheti.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Nimekubaliana na Katibu wa Kamati kwamba Jumatano saa tisa mchana tutakaa ofisini kwake kuandika majina ya waliomaliza sekondari na wanaotaka ualimu wa madarasa ya kati. Kila mmoja aje na cheti, au nakala yake, au ripoti za darasa, au hata namba ya mtihani kama karatasi zilipotea njiani. Tutaziorodhesha zote, na nakala ya orodha itabaki Kamatini. Akina mama, waruhusuni wasichana siku hiyo; maji yatachotwa asubuhi.

Na wewe mtoto wa Kanyenkoko, nakuona umejificha nyuma ya nguzo. Jina lako nimeshaliandika la kwanza. Kama hutaki, uje ulifute kwa mkono wako.